Binti wa kazi kwa jirani na nauli isiyokwisha kulipwa

"Shikamoo mama. Naishi Tandika, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga. Mpangaji mwenzangu ana binti wa kazi aliyeletwa mwaka jana kutoka Singida na mama mmoja anayejulikana mtaani kwa kuwatafutia watu mabinti. Anasema ana miaka 15. Anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi ya biashara, mchana analea watoto wawili, usiku anafua. Haendi popote peke yake, simu hana, na mshahara wake anauchukua yule mama aliyemleta. Nilipomuuliza mbona harudi kwao, akasema bado hajamaliza kulipa nauli. Wiki iliyopita yule mama alikuja tena, nikasikia wakizungumzia pasipoti na kazi ya Oman, kwamba umri 'utarekebishwa'. Mume wangu ananiambia ya Ngoswe nimwachie Ngoswe, na binti mwenyewe anasema alikuja kwa hiari yake. Je, huu ni usafirishaji haramu wa binadamu au ni bosi mkali tu? Na nikisema, si nitamponza?"

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza maswali mawili, na naona la pili ndilo linalokunyima usingizi. Nitalifikia. Ila niruhusu nianze na la kwanza, kwa sababu ukishajua unachokitazama, utajua pia nani wa kumwambia na kwa namna gani.

Jina lenyewe la kosa hili linatupotosha. Tukisikia "usafirishaji haramu" tunawaza malori, njia za panya, watu waliofungiwa ndani ya kontena. Machi 2020 miili ya Waethiopia 64 ilikutwa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji, na tangu hapo kila nikitoa semina mtu ananitajia hilo kontena. Lakini habari za namna ile kwa kawaida ni magendo ya wahamiaji: mtu anamlipa mwenzake amvushe mpaka, na akishavushwa, biashara yao imekwisha. Usafirishaji haramu wa binadamu ndio kwanza unaanza pale mtu anapofika. Hauhitaji mpaka wala giza. Binti anaweza kupanda basi Singida mchana kweupe, ana tiketi mkononi, amebebewa karanga na bibi yake, akashuka stendi ya Mbezi jioni, na kosa likawa limetendeka.

Sheria inatazama mambo matatu. La kwanza ni kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia iliyotumika, kama vile vitisho, ulaghai, au kutumia unyonge wake. La tatu ni lengo, yaani kumnyonya: kumtumikisha kwa nguvu, kumfunga kwa deni, kumwingiza kwenye biashara ya ngono na mengine ya jinsi hiyo. Ndivyo ilivyo katika itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, ile inayoitwa ya Palermo, na nchi yetu ina sheria yake ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008. Sasa sikiliza hili kwa makini, maana wengi hawalijui: akiwa chini ya miaka 18, hilo la pili haliulizwi. Huna haja ya kuthibitisha kwamba alidanganywa au alilazimishwa. Kitendo kipo, lengo ni kumnyonya, inatosha. Kwa hiyo ile kauli ya binti kwamba alikuja kwa hiari yake ni ya kweli, namwamini kabisa, na haibadilishi kitu. Karibu wote niliowahi kukaa nao walikuja kwa hiari. Waliikubali kazi waliyosimuliwa. Hawakuikubali hii waliyoikuta.

Nisieleweke vibaya. Si kila dada wa kazi katika jiji hili amesafirishwa kiharamu, na si kila anayemleta binti mjini ni mhalifu. Mimi mwenyewe nimelea wanangu kwa mikono ya mabinti wawili, mmoja wao leo ana duka lake la vitambaa na tunatembeleana. Wapo mabosi wakali, wenye midomo, wanaochelewesha mshahara. Hao wana kesi ya kujibu kwa afisa kazi, maana hata binti wa ndani ana kima cha chini kisheria. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka wakati huo shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Mimi huwa natazama vitu viwili ili kutenganisha bosi mkali na jambo hili unaloniandikia. Je, anaweza kufunga mzigo wake mwisho wa mwezi akaondoka? Na pesa yake inaingia mkononi mwa nani?

Kwa ulivyoeleza, hawezi kuondoka, na pesa inaingia kwa mtu mwingine. Ongeza umri wake. Ongeza ile saa kumi alfajiri: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, na usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ongeza pasipoti ya umri wa kughushi. Mwanangu, sioni bosi mkali tu hapo. Dalili zote ulizonitajia ni za usafirishaji haramu, na mhusika mkuu ni yule mama wakala. Jirani yako naye atakuwa na maelezo ya kutoa.

Sasa hiyo nauli. Nataka uielewe vizuri maana ndiyo kufuli la mlango.

Nilipokuwa bado kazini, niliwahi kuletewa binti aliyechukuliwa kwenye nyumba moja huku upande wa Temeke. Alikuwa na mfuko wa rambo, na ndani yake kanga moja, kandambili, na daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu za darasa la saba. Nyuma kabisa alikuwa amechora vijistari kwa penseli, vimepangwa kama vijiti vya kiberiti. Nikavihesabu, vilikuwa 14. Nikamuuliza ni vya nini. Akaniambia, "Miezi ya nauli." Nikamuuliza nauli ya kutoka kwao ilikuwa shilingi ngapi. Hakujua. Hakuwahi kuambiwa. Alichokuwa anajua ni kwamba haijaisha. Nilipokwenda kuuliza bei ya tiketi ya basi la kwao, haikufika mshahara aliokuwa ameahidiwa kwa mwezi mmoja.

Deni hilo linafanya kazi hivi. Wakala analipwa na mwajiri kwa kumleta binti, hiyo ni pesa ya kwanza. Kisha anachukua mshahara, kwa maelezo kwamba anakata nauli, chakula cha njiani, nguo alizomnunulia, "usumbufu". Hakuna karatasi. Binti hajui jumla ni kiasi gani wala kimebaki kiasi gani, kwa hiyo hawezi kufika siku akasema nimemaliza. Baada ya miezi kadhaa wakala anamhamisha nyumba nyingine, analipwa tena upya, na deni linaanza upya. Sasa unaweza kuona kwa nini Oman imetajwa: kwa wakala wa aina hii, huko ni kuhamishwa nyumba kwa mara ya mwisho, na kwa malipo makubwa zaidi.

Watu huuliza, mlango haujafungwa, mbona hakimbii? Atakimbilia wapi, mwanangu? Hajui hata gari la Mbezi linapandiwa wapi. Ameambiwa polisi wakimkuta hana kitambulisho watamweka ndani. Na aibu inamkaba: aliondoka kijijini watu wakijua amekwenda kutafuta, atarudi na mfuko wa rambo? Kingine ni kwamba yule wakala mara nyingi humwita "mama mkubwa", na pengine kweli ni ndugu wa mbali. Sisi tumelelewa kwamba mtoto wa ndugu ni mtoto wako, ukimchukua umemsaidia mwenzio. Ni mila nzuri, nimekulia humo. Ndiyo maana inauma kuona inavyotumika kama pazia.

Umeniuliza kuhusu binti mmoja, lakini siwezi kupita bila kugusa chanzo, kwa sababu ukimtoa huyu leo, kesho kutwa chumba kile kitaletewa mwingine.

Huko anakotoka mambo yanajulikana. Mvua zimegoma, alizeti hazikutoka, baba ameoa mke mwingine, mama amefariki, kaka ndiye anayesomeshwa. Ada imefutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, ni kweli, lakini sare, madaftari, michango na umbali wa shule havikufutwa. Binti anayekatisha masomo, au aliyemaliza la saba bila kuchaguliwa, anakaa nyumbani akionekana mzigo. Wasichana waliopata mimba wameruhusiwa kurudi darasani tangu Novemba 2021, lakini wapo wengi ambao habari hiyo haijawafikia, au imefika na aibu ikawa kubwa kuliko ruhusa. Hapo ndipo mama aliyevaa vizuri anashuka kwenye basi na zawadi za sukari.

Hilo husemwa sana kwenye semina, na husemwa kana kwamba tatizo liko Singida. Mimi nasema sehemu kubwa ya tatizo liko hapa mjini, kwetu. Mwanamke aliyeajiriwa anapewa likizo ya uzazi ya siku 84. Siku ya 85 mtoto anabaki na nani? Vituo vya kulelea watoto vya bei ya mtu wa kawaida ni vichache mno, na anayeuza samaki au mitumba hana likizo hata ya siku moja. Kwa hiyo hitaji ni la kweli, silikebehi. Lakini angalia tunavyoagiza. Nimesikia kwa masikio yangu, wanawake wasomi, wacha Mungu, wakimpigia wakala simu: "Nitafutie binti, lakini asiwe mjanja. Nataka wa kutoka kijijini kabisa, asiyejua mji. Na asiwe na simu." Hiyo ndiyo oda. Asiyejua mji maana yake asiyejua pa kukimbilia. Asiye na simu maana yake asiye na wa kumlilia. Wakala anakwenda kutafuta kile kile alichoagizwa, na anayetimiza masharti hayo yote kwa pamoja ni mtoto. Mkubwa mwenye akili zake hawezi kuyatimiza.

Kuhusu Oman nitasema kwa kifupi tu. Wapo Watanzania wanaofanya kazi Ghuba kwa mikataba halali, wamejenga na kusomesha. Lakini huko viza ya mfanyakazi wa ndani imefungwa kwa mwajiri wake chini ya mfumo wa kafala, na anayetoroka ndiye huhesabika mkosaji. Kwa ripoti yake ya mwaka 2017, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliwahoji Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Walisimulia kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi saa nyingi kupita kiasi, kunyimwa mshahara, na wengine kupigwa na kudhalilishwa kingono. Mtoto wa miaka 15 aliyeongezewa umri akifika huko, hata ubalozi utakapomtafuta, utatafuta mtu ambaye kwenye karatasi si yeye. Kwa hiyo habari ya pasipoti ndiyo inayofanya jambo lako lisingoje mwezi ujao.

Basi ufanye nini? Nimeona watu wakijaribu njia tatu.

Njia ya kwanza ni kumkabili bosi wa binti, yaani jirani yako. Kuna nyumba ambako inafaa kweli, pale bosi mwenyewe hajui kwamba mshahara anaoutuma haumfikii binti. Ungekuwa umeniandikia mwaka jana, kabla ya Oman, pengine ningekwambia kaa naye, zungumza naye kama mwanamke kwa mwanamke. Sasa hivi hapana. Ukimwambia leo, usiku atampigia wakala, na kesho utaambiwa binti amerudi kwao. Hutajua alikopelekwa.

Njia ya pili ni ya huruma, na ndiyo inayonitia hofu zaidi: kumchangia nauli na kumpandisha basi kimya kimya, au kumficha kwako. Ukimficha, unaweza kutuhumiwa wewe kwamba umeiba mtoto, na wakala ndiye atakayekuwa wa kwanza kwenda kituoni. Ukimrudisha bila maandalizi, atakuta mlango ule ule alioingilia wakala. Nimemwona binti aliyerudishwa mara mbili na kuletwa tena mara ya tatu, kwa sababu aliyepokea pesa kijijini alikuwa mjomba wake.

Njia ya tatu ni kuwaambia wenye mamlaka ya kumlinda, na hiyo ndiyo ninayokuomba uifuate. Piga 116, ni huduma ya simu kwa mtoto, hailipiwi na huhitaji kuwa na salio. Waeleze kama ulivyonieleza mimi. Au nenda mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yenu, au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Pale dawatini kuna askari waliofundishwa kukaa na watoto, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe kwa jirani. Mwenyekiti wa mtaa kwa kawaida ningemweka mbele, lakini kwa kuwa wakala huyu anajulikana mtaani, anza na kata. Habari zikipita midomo mingi zitamfikia kabla ya afisa.

Kabla hujaenda, andika. Tarehe uliyomwona binti kwa mara ya kwanza. Siku aliyokuja wakala, jina analoitwa, namba yake ya simu kama unaweza kuipata bila kuuliza sana. Maneno uliyosikia kuhusu pasipoti, yaandike kama yalivyosemwa. Usimpige binti picha wala kumrekodi, na usimtume mtoto wako akamchunguze.

Ukimpata peke yake, bombani au mnapoanika nguo, usimhoji kama polisi. Muulize kijiji chake kinaitwaje, shule aliyosoma, na nani anamkumbuka zaidi kule kwao. Majibu hayo matatu yatamsaidia afisa kuipata familia haraka kuliko kitu kingine chochote. Kisha mfundishe namba 116 aikariri kichwani. Usimwandikie kwenye karatasi, karatasi hukutwa. Usimwahidi kwamba utamtoa. Mwambie tu kwamba deni hilo si halali, na kwamba hajakosa.

Kama atakwambia ameingiliwa kimwili, usisubiri siku ya kazi. Ndani ya saa 72 hospitali inaweza kumpa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na zinafaa zaidi akiwahi. Fomu ya PF3, ile ya aliyeumizwa kwenda nayo hospitali, hutolewa polisi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuingojea, na hospitali kubwa zina vituo vya mkono kwa mkono ambako daktari, askari na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Vivyo hivyo akipigwa, akifungiwa, au ukisikia siku ya safari imepangwa: piga 112 hapo hapo, iwe usiku au mchana.

Sasa nirudi kwenye hofu yako. Je, utamponza? Nitakueleza ukweli ulivyo. Maafisa wakija, inawezekana binti akakana yote. Atasema anatendewa vizuri, yule ni mama mkubwa wake. Wengi hufanya hivyo siku ya kwanza, na afisa mzoefu analijua hilo. Atamtenga na wakubwa na kumpa muda. Inawezekana akakaa nyumba salama kwa wiki kadhaa wakati familia inatafutwa, na atachoka, atalia, pengine atakulaumu. Kesi nayo inaweza kuvuta muda, na nyingine hazifiki mwisho, hasa familia ikikubali kumalizana na wakala pembeni. Sikufichi. Lakini hatari hizo zote zinamkuta akiwa Dar es Salaam, watu wakijua yuko wapi na jina lake la kweli limeandikwa mahali. Ile nyingine itamkuta ng'ambo ya bahari akiwa na jina na umri wa kubuni.

Kuhusu jirani yako, usimwandalie chuki. Anayempokea mtoto ili amtumikishe naye anaguswa na sheria, ila mahakama itataka kujua alikuwa anajua nini. Inawezekana kabisa anaamini amelipa kila mwezi bila kukosa. Yeye naye anauza maandazi saa kumi na mbili asubuhi ili apate kodi. Akihojiwa na kusema kweli, ndiye atakayekuwa shahidi mkubwa dhidi ya wakala, maana yeye ndiye aliyekuwa anatuma pesa, na miamala ya simu inabaki na kumbukumbu.

Mume wako msomee barua hii kama ataridhia. Hofu yake ni ya kulinda nyumba yake, haina ubaya. Mwambie hatakiwi kugombana na mtu wala kutoa ushahidi leo. Anachotakiwa ni kukaa na watoto asubuhi moja tu, wewe ufike ofisi ya kata mapema na hiyo karatasi uliyoandika, kabla foleni haijawa ndefu. Ukimkosa afisa, usirudi nyumbani kungoja wiki nyingine. Nenda moja kwa moja dawatini. Na uniandikie tena jioni hiyo unijulishe umeambiwa nini.